Taa ya Reli Ikiharibika, Yasema Nini?



Mtu apandaye treni hana habari na taa za njiani. Amekwisha kufunga mizigo yake, amewaketisha watoto, amefungua kikapu cha chakula, na mawazo yake yako kwa ndugu watakaompokea. Usiku ukiingia hulala. Lakini huko mbele, ndani ya mashini, yuko mtu asiyelala. Giza limemzunguka, naye aongozwa na taa ndogo zilizosimamishwa kando ya reli. Taa hizo zikimwambia kweli, watoto wataamka asubuhi na kumwona babu yao. Zikimwambia uongo, hakuna mtu ndani ya mabehewa awezaye kuwaokoa. Ndiyo maana leo twataka kuzichungua taa hizo: zimetengenezwaje, zatofautianaje, na ipi yafaa kuaminiwa.

Kwa nini treni yahitaji taa

Dereva wa lori akiona ng'ombe barabarani hukanyaga breki, au hupinda kando. Dereva wa treni hawezi kupinda, maana reli ndizo zimwongozazo. Tena hawezi kusimama upesi. Magurudumu ya chuma juu ya reli za chuma huteleza kwa urahisi, na uzito wa mabehewa wamsukuma kwa nyuma. Treni nzito iendayo mbio yaweza kuhitaji kilomita moja, hata zaidi, mpaka isimame kabisa. Basi dereva akingoja kuiona hatari kwa macho yake, amekwisha kuchelewa. Hana budi kuambiwa mapema.

Kwa hiyo mafundi waligawanya njia katika vipande, na kanuni ni kwamba kipande kimoja kiwe na treni moja tu. Mlangoni mwa kila kipande husimama ishara. Yasema mambo matatu: pita, nenda kwa tahadhari, maana ishara ya mbele yaweza kukusimamisha, au simama. Maneno hayo matatu yajulikana pote. Lakini namna ya kuyasema imekuwa nyingi sana, na hapo ndipo mafundi wa nchi mbalimbali walipobishana miaka mingi.

Sisi tutazipima ishara hizo kwa swali moja tu. Hatutauliza ipi yapendeza, wala ipi yang'aa kuliko nyingine. Tutauliza hivi: ikiharibika, yasema nini? Kwa maana kila kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu huharibika siku moja. Ishara ikisema «simama» bure, abiria watachelewa na kunung'unika. Ikisema «pita» bure, watu watakufa. Basi ishara njema ni ile ambayo hata ikiugua, hata ikifa, yaendelea kusema «simama».

Mkono uliogandishwa na theluji

Ishara za kwanza zilizoenea zilikuwa mikono ya mbao juu ya mlingoti. Waingereza walianza kuzitumia katika reli mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mkono ukinyoshwa sawasawa, dereva husimama, ukishuka, hupita. Usiku iliwashwa taa ya mafuta, na vioo vya rangi vilivyofungwa katika mkono vilikuja mbele ya taa hiyo.

Ishara hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilionekana huko Abbots Ripton, nchini Uingereza, tarehe 21 Januari 1876. Siku hiyo theluji ilianguka kwa wingi. Desturi ya njia ile ilikuwa kuziacha ishara zikisema «pita» wakati wote, na kuzigeuza tu palipokuwa na haja. Tena mkono uliposhuka uliingia ndani ya ufa wa mlingoti. Theluji ikajaa katika ufa ule, ikaganda. Mlinzi wa ishara alivuta mtambo wake ili aisimamishe treni ya mbio itokayo Scotland, kwa sababu treni ya makaa ilikuwa bado njiani. Lakini mkono haukuinuka. Treni ya mbio ikaigonga ile ya makaa, kisha treni nyingine iliyotoka upande wa pili ikayagonga mabehewa yaliyolala njiani. Watu zaidi ya kumi wakafa.

Mafundi wakajifunza mambo mawili. Kwanza, ishara ikae daima katika «simama», na ifunguliwe tu kwa ajili ya treni ambayo njia yake imekwisha kuhakikishwa. Pili, uzito wa mkono wenyewe ufanye kazi ya ulinzi. Baadaye ikatengenezwa mikono inayopanda juu ili kusema «pita». Waya ukikatika, mkono huanguka kwa uzito wake, nao husema «simama». Hiyo ndiyo hekima tuitafutayo: uharibifu wenyewe umegeuzwa kuwa mlinzi.

Nuru nyeupe iliyodanganya

Kasoro ya pili ilikuwa katika rangi. Msomaji wa leo atashangaa kusikia kwamba zamani nuru nyeupe ilimaanisha «pita», na ya kijani ilimaanisha «tahadhari». Nyekundu ilikuwa ya kusimamisha, kama leo. Sasa tufikiri kidogo. Taa yenyewe, bila kioo, ni nyeupe. Kioo chekundu kikivunjika au kikianguka, dereva ataona nini? Ataona nyeupe, naye atapita kwa mbio. Tena miji ilipoanza kuwasha taa majumbani na barabarani, dereva aliweza kuidhani taa ya duka kuwa ishara yake.

Waingereza waliiacha nyeupe katika miaka ya 1890, wakaiweka kijani kuwa ya «pita». Wamarekani waliwafuata, na mwanzoni mwa karne ya 20 rangi ya manjano ikakubaliwa kuwa ya «tahadhari». Tangu hapo, dereva aonaye nyeupe mahali pa nyekundu ajua kwamba kioo kimevunjika, naye husimama. Mageuzi hayo hayakuhitaji mtambo mpya. Yalihitaji mtu aulize: kioo kikianguka, je?

Safu za taa za Pennsylvania

Umeme ulipoenea, mafundi wa Marekani walitaka ishara isiyo na mkono, inayoonekana usiku na mchana. Katika mwaka wa 1915, mwaka uleule ambao reli itokayo Kabalo ilifika ziwani Tanganyika hapa kwetu, kampuni ya Pennsylvania Railroad ilisimamisha ishara mpya katika njia ya Paoli, karibu na Philadelphia. Njia hiyo ilikuwa ikitiwa nyaya za umeme, na milingoti ya nyaya hizo iliificha mikono ya zamani.

Ishara hiyo mpya haikutegemea rangi hata kidogo. Ilikuwa na safu za taa za manjano juu ya ubao mweusi. Safu iliyosimama wima ilisema «pita». Iliyoinama ilisema «tahadhari». Iliyolala ilisema «simama». Kwa maneno mengine, taa zilichora umbo la ule mkono wa zamani. Rangi ya manjano ilichaguliwa kwa sababu ilionekana vema katika ukungu.

Tuulize swali letu. Taa moja ya safu ikizimika, zilizobaki zatosha kuonyesha mstari. Tena dereva asiyepambanua rangi hapotei. Jambo hilo si dogo: kwa wanaume wa asili ya Ulaya, karibu 8 katika 100 wana upungufu wa kupambanua rangi, hasa nyekundu na kijani. Lakini mfumo huo ulihitaji taa nyingi kwa kila ishara, na umbali ukizidi, taa zilizokaribiana huanza kuonekana kama nuru moja. Kisha macho ya watu wote yamezoea kuiogopa nyekundu. Kwa hiyo baadaye safu ya kusimamisha ilitiwa vioo vyekundu katika sehemu kubwa ya njia hizo.

Mashahidi wawili wa Baltimore

Jirani yao, kampuni ya Baltimore and Ohio, ilichukua njia nyingine katika miaka ya 1920. Fundi wao Frank Patenall aliunganisha rangi na mstari pamoja. Taa mbili za kijani zilisimama wima: «pita». Mbili za manjano ziliinama: «tahadhari». Mbili nyekundu zililala: «simama». Basi kila neno lilisemwa mara mbili, kwa rangi na kwa umbo. Rangi ikififia, umbo lilishuhudia. Taa moja ya jozi ikizimika, rangi ya mwenzake ilishuhudia. Baraza la wazee halipendi kuhukumu kwa shahidi mmoja. Patenall naye alifanya vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la busara katika ishara hiyo. Juu na chini ya ubao ziliwekwa taa ndogo nyeupe za kueleza mwendo unaoruhusiwa. Zilipangwa hivi kwamba taa ndogo ikizimika, ishara husema mwendo wa polepole zaidi, haisemi kamwe mwendo wa kasi zaidi. Kwa maoni yetu, katika ishara zote za taa tulizozitaja, hii ndiyo iliyojibu swali letu vizuri kuliko zote. Hata hivyo nyingi zimekwisha kuondolewa, kwa sababu makampuni ya reli yaliungana, nayo yalitaka vyombo vya namna moja na vipuri vya namna moja.

Jicho moja na macho matatu

Zilibaki namna mbili zilizoenea sana. Ya kwanza ni jicho moja: taa moja yenye kioo kikubwa cha kukusanya nuru, na ndani yake vioo vidogo vitatu vya rangi vinavyosogezwa na sumaku ya umeme. Nuru yake huonekana mbali kwa umeme kidogo. Umeme ukikatika, kioo chekundu hurudi chenyewe mbele ya taa. Hilo ni jibu jema. Lakini kitu kinachosogea chaweza kukwama, kwa hiyo jicho hilo lahitaji fundi wa kulikagua mara kwa mara.

Ya pili ni macho matatu: nyekundu, manjano na kijani, kila moja na taa yake, kama zile za barabarani mijini. Hakuna kinachosogea, basi hakuna kinachokwama. Hasara yake ni jua. Jua likiwa chini, miali yake huingia katika kioo na kurudi nje, hata taa iliyozimwa ikaonekana kana kwamba yawaka. Ndiyo sababu kila jicho huvikwa kofia ya bati. Siku hizi mahali pa balbu moja huwekwa vitaa vidogo vingi vya LED. Chache zikifa, nyingine zaendelea.

Namna hii ya macho matatu ndiyo imeshinda katika nchi nyingi, lakini nayo yaweza kuharibiwa na mahali ilipowekwa. Tarehe 5 Oktoba 1999, huko Ladbroke Grove, London, treni ilipita ishara nyekundu iliyoitwa SN109 ikagongana na nyingine. Watu 31 wakafa. Ishara ile ilikuwa imefichwa kwa sehemu na vyuma vilivyokuwa juu ya njia, na jua la asubuhi lilikuwa likiziangazia taa zake. Dereva alikuwa amehitimu majuma mawili tu kabla. Baya kuliko yote, katika miaka sita ya nyuma ishara hiyohiyo ilikuwa imepitwa mara nane ikiwa nyekundu. Mara nane ilionya, na haikusogezwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na taa yote ikizimika? Hapo kanuni ya reli ndiyo isemayo. Ishara isiyowaka, au iwakayo nusu, huhesabiwa kuwa imesema neno lililo kali kupita yote iliyoweza kusema. Giza lenyewe limefanywa kuwa amri ya kusimama.

Waya mmoja mdogo

Lakini taa yajuaje kwamba kuna treni mbele? Mmarekani William Robinson alipata jawabu katika mwaka wa 1872. Umeme kidogo hupitishwa katika reli mbili za kipande cha njia, nao mwishoni huishika sumaku. Sumaku ikishika, taa yaweza kuwa kijani. Treni ikiingia, magurudumu na vyuma vyake huunganisha reli mbili, umeme hupita njia hiyo fupi, sumaku huachilia, na taa huwa nyekundu. Uzuri wake ni huu: reli ikikatika, waya ukikatika, au betri ikifa, sumaku huachilia vilevile. Kijani hupatikana pale tu ambapo kila kitu ni kizima.

Je, mtambo kama huo waweza kudanganya? Waweza, mikono ya watu ikiudanganya. Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction, London, treni ya asubuhi ilikuwa imesimama njiani imejaa wafanya kazi. Treni ya nyuma yake ilipewa ruhusa ya kupita, kwa maana ishara haikuwa nyekundu. Ikaigonga, na treni ya tatu ikagonga mabehewa yaliyovunjika. Watu 35 wakafa, na mamia wakaumia.

Baraza la uchunguzi, chini ya Anthony Hidden, lilikuta chanzo chake ni waya mmoja wa zamani. Mafundi walikuwa wakibadilisha nyaya za ishara. Fundi mmoja aliuacha waya wa kale bila kuukata wala kuufunika, na ulipoguswa katika kazi nyingine ukarudi mahali pake pa kwanza, ukapeleka umeme katika sumaku iliyopaswa kuachilia. Sumaku ikadhani njia ni tupu. Hakuna mtu wa pili aliyekuja kuzihesabu nyaya. Na fundi yule, katika majuma 13, alikuwa amepumzika siku moja tu.

Hapo twaona kwamba ishara haianzi kwenye taa. Yaanzia katika mikono ya fundi, na katika usingizi alioupata au alionyimwa. Baada ya msiba huo Waingereza waliweka mipaka ya kazi kwa watu wa reli: saa 12 kwa zamu moja, na saa 72 kwa juma. Mtu aweza kusema kwamba kupumzika ni jambo la nyumbani, halina uhusiano na ufundi. Watu 35 wa Clapham washuhudia vingine.

Taa yasema, nani asikia?

Limebaki jambo moja. Taa yaweza kuwa nzima, mahali pake pawe pema, waya wake uwe safi, na bado mtu asiitazame. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, dereva wa treni ya abiria alipita ishara nyekundu huku akiandikiana ujumbe kwa simu yake. Treni yake ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 wakafa. Huko Buizingen, Ubelgiji, tarehe 15 Februari 2010, treni iliyotoka Leuven ilipita ishara nyekundu, na watu 19 wakafa.

Misiba hiyo miwili iliwafanya wakubwa wa nchi hizo kuharakisha jambo lililojulikana zamani: mtambo wa kumsaidia dereva. Ukiona treni haitii ishara nyekundu, huikamata breki wenyewe. Bunge la Marekani lilitoa sheria mwaka uleule wa 2008, na kazi ya kuuweka mtambo huo katika njia zilizotajwa na sheria ilitimizwa mwishoni mwa mwaka wa 2020. Ubelgiji nayo iliharakisha kutia mtambo wake katika treni na njia zake. Mtambo haumdharau dereva. Ni shahidi wa pili aliyewekwa karibu naye, kama zile taa mbili za Baltimore.

Basi, akina baba na akina mama, tukiulizwa ni ishara gani iliyo bora, hatutataja rangi wala umbo tu. Tutasema: ni ile ambayo kuharibika kwake kwamwambia dereva «simama», iliyowekwa mahali inapoonekana, iliyofungwa na fundi aliyelala usiku na kukaguliwa na mwenzake, na yenye msaidizi, macho ya dereva yakipotea. Kimoja kikipungua katika hivyo vinne, vitatu vilivyobaki vyabeba mzigo mzito mno.

Na siku treni yenu itakaposimama porini bila sababu ionekanayo, watoto wakalia, chakula kikaisha, na abiria wakaanza kumlaumu dereva, waelezeni watoto. Labda mbele kuna taa nyekundu. Labda hakuna hatari yoyote, ni waya tu uliokatika. Lakini taa hiyo, hata katika ugonjwa wake, imechagua kutuchelewesha kuliko kutuua.